Siku ya Kurudisha Sufuria za Watu

Mke wangu alifariki mwaka ule tulipobadilisha mabati. Hapana, nisiseme uongo. Mabati tulibadilisha yeye akiwa mzima, maana ndiye aliyesimama uani na gunia kichwani mvua isimloweshe, akituelekeza kwa mkono, mpaka fundi bati akamwambia, "Mama, panda wewe basi, sisi tushuke." Kwa hiyo ni mwaka uliofuata. Ndiyo, ni mwaka uliofuata, kwa sababu siku ya msiba mvua ilinyesha na paa halikuvuja, na watu wakalisifu.

Lakini sikukaa chini niandike habari za mabati. Nataka kuandika habari za mdogo wangu wa kike, aliyekuwa mwalimu chuo kikuu, maana wengi waliomzika hawakujua alifundisha nini. Jirani aliyesimama kusoma wasifu wake alisema marehemu alikuwa mwalimu wa kompyuta. Angekuwepo mwenyewe angecheka kidogo kwa pua, kama ilivyokuwa desturi yake, akaacha lipite.

Alichofundisha ni kutunza maneno ya watu. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, wenye shahada ya kwanza tayari, wengine wana watoto shuleni, wamerudi kutafuta ya pili au ya tatu. Hao hutumwa kwenda kuhoji watu, wagonjwa, wajane, wafungwa, wenye maduka, halafu huandika kitabu kinene kinachoitwa tasnifu. Namna ya kuuliza walifundishwa na wengine. Yeye aliwafundisha la kufanya na majibu: wayaweke wapi, nani ayaone na nani asiyaone, mwenye maneno afichwe vipi asijulikane, na lini sauti yake ifutwe. Kompyuta ya ofisini kwake ndiyo iliyohifadhi sauti zote za wanafunzi, na neno la siri lilikuwa kichwani mwake tu. Wakamwita Mama Kufuli. Walidhani hajui.

Tabia hiyo hakuipata chuoni. Tulipokuwa watoto, mwenzetu akivunja sahani ya kwao alikuja kumwambia yeye, apumue, kisha aende zake. Mama yetu alikuwa akisema, "Huyu ukimpa neno umelitia kisimani." Mimi alisema ni debe. Na kweli madebe yakaja kunilisha, maana nilikuwa fundi rangi hadi magoti yalipokataa ngazi.

Ndivyo nilivyomsikia akifundisha. Chuo kilitaka madirisha ya jengo lao yapakwe rangi, nikaipata kazi hiyo, na dirisha moja lilikuwa la darasa lake. Mimi niko nje kwenye ngazi na brashi yangu, yeye yuko ndani, hakuniangalia hata mara moja, kama vile hatukunyonya ziwa moja.

"Leo hatufungui kompyuta," akawaambia. "Kila mmoja aandike habari za mtu anayemjua hapa chuoni. Jina usitaje."

Wakaandika. Akamwinua mmoja, jamaa mnene mwenye sauti ya redio. Akasoma: "Ni mwanamume. Anatembea kama amebeba sinia la vikombe. Akikohoa kwenye korido, watu wanazima simu."

"Mkuu wa idara," darasa zima likasema. Wakacheka hadi mmoja akapiga meza.

"Jina umeondoa?" mdogo wangu akauliza.

"Nimeondoa, mwalimu."

"Na umeacha nini?"

Yule jamaa akajikuna shingo. "Sinia, mwalimu."

Nami huko nje nilicheka, rangi ikadondoka kwenye kioo. Yeye hakucheka. Alingoja wanyamaze, akawasimulia habari za fundi cherehani. Alisema alipokuwa kijana alikuwa msaidizi wa mtafiti mmoja, na mwanamke fulani alimweleza aliyofanyiwa na mumewe, mambo ambayo hakuwahi kumwambia hata mama yake mzazi. Jina lake waliliondoa, wakajiona wamefanya kazi safi. Kitabu kikatoka kimeandikwa kuwa mhusika ni fundi cherehani, mguu mmoja mfupi, anakaa karibu na mashine ya kusaga.

"Mtaa ule ulikuwa na mashine ya kusaga moja," alisema. "Mafundi cherehani wenye mguu mfupi mnadhani walikuwa wangapi?"

Akamtazama yule jamaa wa sinia.

"Mumewe alisomewa na rafiki yake, kwa mzaha, kwenye kibanda cha kahawa. Nilipokwenda kumtembelea, cherehani ilikuwa nje inauzwa. Yeye sikumkuta, na sikumwona tena."

Nilipaka lile dirisha makoti mawili ya rangi nikilisikiliza darasa, na lilistahili moja.

Alikuwa na jambo jingine, ambalo nadhani ni lake peke yake. Sauti zikishaandikwa na tasnifu ikapita, sheria yao inataka zifutwe, na kwingine mtu hubonyeza akiwa peke yake huku anakunywa chai, basi. Yeye alikataa. Aliwakusanya wote siku moja, mchana, darasani, na kila mmoja kabla ya kufuta alisimama akasoma kwa sauti ahadi aliyowapa watu wake, neno kwa neno. Mwanafunzi mmoja alinung'unika kwamba ni kama mazishi. Mdogo wangu akamwambia, "Si mazishi. Ukiazima sufuria ya watu unaiosha, unairudisha, na wenye sufuria wanakuona ukiirudisha. Wenye maneno haya hawapo kutuona, basi tuonane sisi." Tangu hapo wanafunzi wakaiita siku ya kurudisha sufuria.

Sasa nije kwa mke wangu, maana huko ndiko ninakokwenda, ingawa nazunguka.

Alikuwa rafiki wa mdogo wangu kabla sijamjua. Mdogo wangu ndiye aliyemleta nyumbani siku ya mvua aje kuazima mwavuli. Mwavuli haukurudi, yeye akarudi. Wakawa mawifi, na mawifi wengine hutazamana kwa jicho la pembeni, lakini hawa walitaniana miaka yote. "Wifi, huyu kaka yako uliyenipa hana dhamana," atasema huyu. Yule atajibu, "Kifaa kilichotumika hakirudishwi dukani."

Mke wangu alikuwa na kasoro moja katika kusimulia. Alicheka kabla ya kufika mwisho. Akianza kichekesho, katikati kinamzidi, anashika meza, machozi yanamtoka, na sisi tunacheka kwa kumwona yeye. Vichekesho vyake vingi mwisho wake hatukuujua kamwe. Na kasoro ya pili, hakupenda kupigwa picha wala kurekodiwa. Ukimwelekezea simu anajifunika uso kwa mtandio na kunyamaza kama aliyekamatwa.

Alipougua, ule ugonjwa wa kulala wodini na kutoka na kulala tena, mwanafunzi mmoja wa mdogo wangu alikuwa akifanya utafiti hospitalini. Alikuwa muuguzi kabla ya kurudi chuoni, binti mpole, anatembea bila kusikika. Alitaka kujua ni mambo gani wagonjwa huwaficha watu wa nyumbani wanaowauguza. Nilishangaa mke wangu alipokubali. Muuguzi akamweleza taratibu, akamwonyesha kinasa sauti, halafu akanigeukia mimi. "Mzee, samahani, naomba utupishe."

Nikawapisha. Nikakaa kwenye benchi la korido, mkabala na mlango, na mlango ukafungwa. Kulikuwa na toroli la vyombo linapita na kurudi, na sikusikia kitu.

Niliporudi, mke wangu alikuwa ameegemea mto, uso mwepesi, kama mtu aliyetoka kuoga.

"Mmezungumza nini?"

"Yetu."

"Yenu na nani? Umemjua leo."

"Una wivu na mtoto wa watu," akasema. "Kamwulize wifi yangu, ndiye aliyemfundisha kufunga mlango. Siri ya mtungi aijuaye kata, baba. Wewe ni mfuniko."

Hilo la mfuniko lilimchekesha mwenyewe hadi akakohoa, nikampa maji.

Hakumaliza miezi mingi baada ya hapo.

Kuna jambo linalowapata wafiwa ambalo hakuna aliyenionya. Mwanzo nilimsikia nyumbani kila mahali, jikoni, uani, nyuma ya pazia. Halafu, kidogo kidogo, maneno yake yakabaki na sauti ikaondoka. Nilikumbuka alivyosema, "Vua viatu, nimepiga deki," lakini nikilirudia kichwani nalisikia kwa sauti yangu mimi, sauti ya mwanamume mzee. Binti yetu aliyeolewa mbali alikuwa akipiga simu, na ile "halo" yake ya kwanza ilikuwa ya mama yake kabisa. Neno la pili lilikuwa lake. Nikawa nakata simu makusudi ili apige tena.

Hapo ndipo nilipokumbuka kinasa sauti.

Nikavaa shati la kutokea, nikaenda chuoni. Ofisi ya mdogo wangu ilikuwa ndogo, dirisha moja, meza, kabati la chuma, na ile kompyuta pembeni imefunikwa kitambaa alichokishona mke wangu mwenyewe, chenye maua yasiyolingana. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza.

"Kaka, haiwezekani."

"Imo humo?"

"Imo."

"Nami niko hapa. Kati yangu na yeye kuna kitambaa."

"Kuna ahadi. Aliambiwa hakuna mtu wa nyumbani kwake atakayesikia. Kwa ahadi hiyo ndipo alipofungua mdomo. Wewe unamjua alivyokuwa na simu."

"Sitaki maneno yake," nikamwambia. "Nataka sauti tu. Weka chini kabisa, nikae kule mlangoni, nisishike neno hata moja. Kama mtu anayeongea chumba cha pili."

Akakinyoosha kile kitambaa juu ya kompyuta. "Huwezi kumenya sauti ukaacha maneno, kaka. Ungekuwa mlangoni, kisha ungesogea. Mimi ningesogea."

"Damu yako ndiyo inakuomba."

"Najua ni nani anayeniomba."

Niliondoka. Alinifuata hadi kwenye ngazi na kikombe cha chai mkononi, sikukipokea. Nilimsikia amesimama pale juu muda mrefu.

Majuma kadhaa yakapita bila kuonana, jambo lisilo la kawaida kwetu. Kisha Jumapili moja akaja nyumbani, akavua viatu mlangoni, kwa sababu mke wangu aliwahi kumfukuza na viatu vyake, na akakaa kwenye kigoda, si kwenye kochi.

"Nilikupelekea ombi lako kwenye kamati ya maadili," akasema. "Wale ndio wakubwa wa mambo haya. Wamekaa, wamejadili. Wamesema aliyetoa maneno ameshafariki, hawezi kudhurika tena, na mume ni mume. Wamesema nikiona vema, nikusikilizishe."

Nilisimama. Nakumbuka nilianza kutafuta shati.

"Kaa, kaka."

Nikakaa.

"Nimeona si vema."

Jirani alikuwa anapasua kuni.

"Ungeweza kunyamaza," nikamwambia. "Ungesema wamekataa. Ningewachukia wao, nisiowajua."

"Ungenishukuru kwa uongo, halafu ningekula chakula chako. Mimi ndiye niliyekataa. Nichukie mimi."

"Kwa nini lakini? Amekufa. Nani ataumia?"

"Angekuwa hai ningemwuliza. Angesema mpe, ningekupa hata leo. Sasa hatuwezi kumwuliza, na hilo ndilo linalonifunga mikono. Akiwa hai angeweza kunigombeza. Aliyekufa hana hata hilo." Akajifuta uso kwa upande wa kiganja. "Na usidhani mimi sina hamu. Nilikuwa naye kabla yako. Ninakaa na ile kompyuta kutwa nzima, kaka. Kutwa nzima, na kitambaa chake juu."

Sikumchukia. Nilijaribu kidogo, sikuweza. Nilimpikia uji, akanywa, akaniambia uji una madonge, hukuukoroga vizuri.

Tasnifu ya muuguzi ikapita. Mdogo wangu akanipigia akaniambia siku na saa, akasema, "Ukitaka uje. Usipotaka, nitaelewa. Ila ningependa ujue kwamba haipo popote, usije ukaishi ukiitafuta." Nikaenda. Nilikaa nyuma, karibu na dirisha langu. Rangi ilikuwa imeanza kubanduka pembeni.

Ile kompyuta ya ofisini ilikuwa imeletwa mbele ya darasa, na kitambaa chake kimelazwa kando. Walisimama mmoja mmoja. Yule mwenye sauti ya redio alikuwa amehoji wenye maduka, akasoma ahadi yake, akafuta, akakaa. Ikafika zamu ya muuguzi. Alinyanyuka, akaniona, akashika ukingo wa meza. Mdogo wangu alichukua kile kitambaa, akakikunja mara mbili, akaandika neno la siri, akarudi nyuma hatua moja.

Muuguzi akasoma. "Haya utakayoniambia hayatasikiwa na mtu wa nyumbani kwako, ukiwa hai wala ukiwa umeondoka. Nitayaandika kwa namna ambayo hata anayekupenda hatakutambua. Kisha nitaifuta sauti yako."

Akabonyeza. Hakuna kilicholia. Nilidhani kitalia kitu.

Mdogo wangu akasema, "Ahsante. Anayefuata," lakini aliyefuata hakuwepo, muuguzi ndiye alikuwa wa mwisho. Akasimama pale mbele amekishika kitambaa, na wanafunzi hawakujua kama darasa limekwisha. Mimi ndiye niliyekwenda kumshika mkono nikamtoa nje. Kwenye korido aliegemea ukuta, akalia bila sauti, watu wakipita na mafaili yao. Nikamwambia ukuta huo una vumbi, utachafua nguo. Ndilo neno pekee nililopata.

Alifundisha miaka kadhaa baada ya hapo, akastaafu, akaja kuugua yeye. Nilimwuguza mimi, maana hakuolewa na mimi nilikuwa sina pa kwenda. Siku moja, akiwa na nguvu kidogo, nikamwuliza kama hakuwahi hata mara moja kufungua akasikiliza, yeye mwenye neno la siri. Akasema, "Sikusikiliza, kaka. Siku nyingine nilitoka nikaenda kukaa bustanini ili nisisikilize." Halafu akaniomba nimgeuze upande wa dirishani.

Alipozikwa, ile ofisi walipewa wengine, na lile darasa sasa linafundishwa na yule muuguzi. Wanafunzi wanamwita Mama Kufuli Mdogo.

Baada ya arobaini nilikwenda kwenye maktaba ya chuo, nikaomba ile tasnifu. Mimi si msomaji mkubwa, niliingia darasani nikatoka mapema, lakini kurasa zenye maneno ya wagonjwa nilizisoma zote, kwa kidole. Nilikuwa namtafuta. Na yule binti alifanya kazi yake sawasawa, mdogo wangu alimfundisha akafundishika, aliondoa majina na sinia pia. Mgonjwa mmoja anasema anaogopa mumewe atakula nini. Huyo ni yeye, nikasema. Ukurasa unaofuata, mwingine anasema amechoka kuulizwa anajisikiaje. Na huyo naweza kuapa ni yeye. Mwingine anasema hulia akienda msalani, hufungua bomba la maji. Na mmoja, karibu na mwisho, anasema huwa anacheka ili watu wa nyumbani wasiogope, na akishafunga mlango hana kicheko kabisa.

Nilikaa na ukurasa huo hadi mkutubi akaja kuniambia wanafunga.

Nje nikamkuta muuguzi, ametoka darasani, mkoba begani, nywele zimeanza mvi. Alinipokea kwa mikono yote miwili, akaniita baba. Nikamwambia nimeisoma kazi yake na ni nzuri, sikumwona mtu humo. Akainamisha kichwa. Yeye ndiye wa mwisho aliyebaki duniani aliyekuwa ndani ya chumba kile, na najua alichofundishwa, na najua ni nani aliyemfundisha. Sikumwomba maneno. Nilimwomba jambo dogo tu, nalo nimeliuliza mara nyingi tangu hapo bila kujibiwa, kwake, kwa mdogo wangu aliyelala kaburini, na kwa benchi lile la korido ninapopita hospitalini. Mlango ulipofungwa, mimi nikiwa nje, mke wangu alicheka hata kidogo?